Taa za Chumba cha Kufungia Vidonda

3 Machi

Nimeoga mara mbili na harufu bado iko puani. Nilidhani ningekutana na harufu ya dawa, ile ya hospitali zote. Hii ni nyingine. Ni ya ngozi iliyoungua, ikalowa, ikafungwa, ikafunguliwa. Inakaa nyuma ya ulimi kama mafuta ya kukaangia yaliyochacha.

Baba Mdogo ndiye mkurugenzi wa hospitali ile. Ni mdogo wake marehemu baba, na baba alipofariki ndiye aliyenichukua, akanilea pamoja na wanawe bila kunibagua hata kwa kipande cha sabuni. Kwa hiyo aliponiita ofisini kwake sikuuliza mengi. Alisema, "Mwanangu, umewapambia wauza viatu mpaka basi. Sasa njoo uwapambie watoto wangu."

Kazi yangu ni taa zinazomjibu mtu. Unapita mbele ya duka, zinawaka. Unanyoosha mkono, zinakufuata. Nimezitumia kuwavuta watu wanunue viatu vya kuwabana vidole, na nilikuwa nimeanza kuichukia kazi yenyewe. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Anataka ukuta wa taa katika wodi ya watoto walioungua, ili wacheze nao. Leo alinipeleka kuiona. Sikufika katikati ya chumba. Nilitapika, na muuguzi mkuu wa wodi akanikingia beseni chini ya kidevu bila hata kunitazama usoni.

"Humu," alisema. "Sakafu nimeshapiga deki."

Wazazi wanamwita Kamanda. Nimeelewa kwa nini. Baba Mdogo hakuingia. Alibaki mlangoni akiongea na simu.

4 Machi

Mvua ya kwanza. Dari la wodi linavuja juu ya kitanda cha kona. Wamesogeza kitanda.

9 Machi

Nimempelekea Kamanda mchoro. Vibao vya taa kuanzia usawa wa kiuno cha mtoto hadi juu. Mtoto akigusa, kibao kinawaka na mwanga unakimbilia kibao cha jirani. Nilikuwa nimeupenda mchoro ule. Aliutazama kama mtu anayetazama nzi kwenye chai.

"Wa kushikwashikwa?" aliuliza.

"Ndiyo, Sista. Mtoto anagusa, taa inamjibu."

"Huyu ana kidonda, anashika. Yule ana kidonda, anashika hapo hapo. Halafu?"

"Vitapanguswa."

"Na nani? Na wewe?"

Nikamwambia kwamba watoto hawaishi kwa bendeji peke yake. Alicheka kwa pua na kurudi kwenye kazi yake. Mwanamke mkavu. Jana nilimwona akimfukuza mama mmoja atoke nje kwa sababu alikuwa analia kando ya kitanda cha mwanawe. Nani anamfukuza mama?

10 Machi

Chakula cha mchana kwa Baba Mdogo. Nikamweleza habari za Kamanda. Mama Mdogo akasema wanawake wa aina hiyo huwa hawajaolewa. Baba Mdogo akacheka, akanipakulia nyama kwa mkono wake kama zamani. "Niachie mimi. Nitamnyoosha."

Nililala vizuri.

14 Machi

Kamanda amenyooshwa. Amenisalimia kwa adabu inayochoma.

19 Machi

Nimefunga kibao kimoja cha majaribio. Watoto wanaoweza kutembea walikizunguka tangu asubuhi. Kinawaka buluu, kinawaka njano, wanapigana vikumbo. Nilisimama pembeni nikijiona mtu mwema.

Kuna msichana wa miaka minane au tisa ambaye wodi nzima, hata wazazi, wanamwita Shangazi, kwa sababu anawasema wote. Aliangukia sufuria ya maji ya moto. Mikono yote miwili imefungwa mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyevaa magunia. Alikaa kitandani akiwaangalia wenzake wakigusa.

"Mama Taa," aliniita. "Wewe ulipotengeneza hii ulijua tumeungua wapi?"

Nikasema nilijua.

"Hukujua," alisema. "Wengi hapa tumeungua mikono. Mtoto anashika moto kwa kitu gani? Kwa kisigino?"

Baadaye nilimwona amekisogelea kibao, akakigusa kwa paji la uso. Kiliwaka kijani. Hakucheka. Alirudi kitandani akasema kinanuka.

21 Machi

Sijui niandike vipi bila kuchafua karatasi. Asubuhi nimekikuta kibao kimefunikwa utando: kamasi, uji, dawa ya njano, na kitu kingine ambacho sikutaka kukijua lakini nilikijua. Alama za vidole juu ya alama za vidole. Katikati, mahali ambapo mwanga ulikuwa mzuri kuliko kote, palikuwa na usaha umekauka.

Nimekipangusa mimi, kwa glavu, nikiwa nimefumba mdomo. Mtoto wa kitanda cha pili kidonda chake kimechafuka na homa imepanda. Nilimuuliza Kamanda kama ni kwa sababu ya kibao.

"Huenda. Huenda si hicho. Dari linavuja, mashuka hayakauki na mvua hii, kila kitu huku kinaoza." Akavua glavu zake. "Lakini nilisema."

Ningependelea anitukane.

22 Machi

Leo nimeingia chumba cha kufungia vidonda. Sikutumwa. Nilikuwa nafungua skrubu za kile kibao ukutani nikasikia sauti ya Shangazi ikitoka huko, na haikuwa sauti ya kusema watu.

Ni chumba kidogo nyuma ya wodi. Kitanda kimoja cha chuma, meza ya magurudumu, dirisha lililopakwa rangi nyeupe ili watu wasichungulie. Ndani mna joto la kuwekwa, kwa sababu mtoto aliyevuliwa bendeji anapata baridi. Joto hilo linaipika ile harufu. Shashi ya bendeji ilikuwa imegandamana na nyama. Kamanda anailowesha, anasubiri, anavuta kidogo, anailowesha. Kuna dawa ya maumivu wanayopewa kabla, lakini haifiki mwisho wa kazi.

Shangazi aliponiona aliniambia, "Toka," halafu, "Usitoke."

Nikasimama ukutani. Alikuwa ameangalia juu muda wote. Nami nikaangalia juu. Dari lina doa la maji, la kahawia, lenye kingo nyeusi za ukungu. Ndicho kitu pekee ambacho watoto wote wa wodi ile wanakitazama wakati wanachunwa. Si ukuta, si vibao vyangu. Doa lile.

Mama yake alikuwa nje. Alianza kulia mlangoni, na Shangazi aliposikia akajipinda mwili mzima, Kamanda akalazimika kuacha. "Mpelekeni mbali," alisema. "Mtoto akisikia mama analia anajua anakufa." Sauti yake ilikuwa ileile kavu. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni likiingia ndani ya sare.

Walipomaliza alinyoosha mgongo, akaniona bado nipo. "Hukutapika," alisema. Akatoka kwenda kumwita mwingine.

Nimetupa mchoro wangu. Siuonei huruma.

30 Machi

Mvua, mvua, mvua. Waya zangu zinaota kutu ndani ya sanduku.

6 Aprili

Nimeweka taa darini katika chumba kile, juu ya doa: vitaa vidogo vingi kama punje za mtama, ndani ya kioo cha plastiki kisichopitisha maji na kinachopanguswa. Hakuna wa kugusa chochote. Kuna maikrofoni ndogo inayosikia sauti, na taa zinatembea kwa kufuata sauti.

Tumejaribu leo. Nimeharibu. Mtoto alipolia taa zote ziliruka na kumetameta kama umeme wa radi, naye akazidi kulia, nazo zikazidi kuruka. Kamanda alizima swichi kwa kiwiko.

"Unamcheka au unamsaidia?" aliuliza.

8 Aprili

Nimezirekebisha: sauti ndogo inaziwasha, kilio kinazizima. Nilidhani ni busara, kumfundisha mtoto kutulia. Shangazi alipotoka alinitazama kwa dharau ya mtu mzima.

"Taa zako zina roho mbaya. Nikiongea zinanisikiliza. Nikilia zinakwenda zao."

Watu wa namna hiyo nawajua wengi.

13 Aprili

Imefanya kazi.

Sasa mtoto akiongea, taa zinatawanyika polepole dari zima, kila moja na rangi yake. Akilia, haziruki wala hazizimi. Zinakusanyika. Zinatoka pembeni taratibu na kuja juu ya uso wake, na kadiri anavyolia ndivyo zinavyosogeleana, mpaka zinakuwa kundi moja la rangi ya chungwa, na linakaa naye. Akitulia zinarudi.

Shangazi alilia leo kama siku zote. Simdanganyi mtu, haikupunguza maumivu. Lakini katikati ya kilio akaanza kuziamrisha. "Njooni. Nanyi wa kona, mnangoja mwaliko? Njooni." Kisha, Kamanda alipopumzika, "Haya, tawanyikeni, mnanizibia hewa." Kamanda aliendelea na kazi yake ameinama. Niliona mabega yake yanacheka.

Alipomaliza aliniambia, "Hizi za sasa unaweza kuziacha, dada." Kwa mara ya kwanza hakuniita msanii kwa kubetua mdomo kama alivyozoea. Aliniita dada.

24 Aprili

Baba Mdogo amekuja kuziona taa. Alisimama mlangoni na leso puani, nikaziamsha kwa sauti yangu. Macho yake yaling'aa, nami nilifurahi kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri.

"Hii ni ya kuonyeshwa," alisema. Kuna wafadhili wanakuja kufungua ukumbi mpya wa mapokezi. Anataka taa zihamishiwe huko.

"Lakini vidonda havifungwi mapokezi, Baba."

"Chumba hiki kinavuja. Maji na umeme, mwanangu? Unataka kuua watoto?"

"Basi dari lizibwe."

"Litazibwa. Wafadhili wakifurahi, litazibwa. Ni siku chache tu."

Ni mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Nikakubali.

5 Mei

Ukumbi wa mapokezi una marumaru na maua ya plastiki, na rangi mpya iliyopakwa juu ya ukuta unaotoka jasho. Uzuri wa mkakasi. Nimefunga taa juu ya mfano wa kitanda cha wodi, shuka jeupe, mto ambao haujawahi kulaliwa. Huko nyuma watoto wameanza tena kutazama doa. Shangazi ameniuliza zimekwenda wapi. Nimesema zinatengenezwa. Aliniangalia akageukia ukutani.

9 Mei

Mazoezi ya sherehe yalikuwa leo. Nilipofika nilikuta watoto kama kumi katika mstari, wamevaa magauni mapya ya wagonjwa. Sikumtambua hata mmoja. Walikuwa wanasukumana na kucheka, mashavu yamejaa. Wawili walikuwa tayari wamefungwa bendeji mikononi, nyeupe kama maziwa, na mwalimu wao alikuwa anawafundisha kulia.

"Si kwa nguvu. Kidogo tu, kisha mnatazama taa mnatabasamu."

Nilifikiri sijaelewa. Kisha nikamwona anayewafunga bendeji. Kamanda.

Nilimvuta pembeni. "Sista, hawa ni nani?"

"Wa shule ya jirani. Watoto wa wakubwa."

"Na unawafunga?"

"Nimeagizwa. Jana nimeambiwa pia nishushe mapazia ya wodi na kufunga mlango mpaka wageni waondoke." Alikuwa anakunja bendeji, mikono haisimami. "Usinitazame hivyo. Nikifukuzwa, kesho nani ataingia chumba kile? Wewe?"

Nikapanda ofisini. Baba Mdogo alikuwa anajaribu tai mbele ya kioo.

"Mtu akiona kinyaa hakumbuki huruma," aliniambia, kwa upole, kama anayenifundisha. "Anakumbuka kinyaa. Wewe mwenyewe siku ya kwanza ulifanya nini? Wageni nao ni watu. Tunawapa watoto wa kutazamika, wanatoa, watoto wetu wanapona. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani ameumia hapo?"

"Na mficha uchi, Baba? Huyo huzaa?"

"Punguza mdomo," alisema, akaendelea na tai.

Kilichonichafua roho si uongo wenyewe. Ni kwamba kile kibendeji cha mtoto wa shule kilikuwa kimepakwa dawa kidogo, doa dogo la njano, lenye umbo zuri. Mtu aliketi akafikiria kiasi cha maumivu kinachopendeza.

10 Mei

Naandika yote, nisije nikayapamba baadaye.

Wageni walifika na miavuli. Hotuba, picha, makofi. Baba Mdogo alisema maneno mazuri sana juu ya watoto walioungua, na kwa sauti yake ile iliyokuwa inanisomea vitabu utotoni. Mtoto wa shule alilala kitandani. Akatoa kilio chake kidogo. Watu wote wakaangalia juu.

Sikuwa nimewasha. Swichi ilikuwa mkononi mwangu.

Mtoto alilia tena, akageuka kumtafuta mwalimu wake. Baba Mdogo akatabasamu kuelekea kwangu. "Fundi wetu yuko tayari?"

Nikasema, na sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka, "Huyu hajaungua. Watoto walioungua wako wodini, mlango umefungwa. Taa hizi ni zao. Wageni wakitaka kuziona, chumba kiko nyuma, ni hatua chache tu kutoka hapa."

Nilitegemea nini? Nilitegemea mtu ashtuke. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alimtazama mwenzake. Mzee mmoja alikohoa. Mkuu wa msafara alitazama saa yake, kisha akaanza kupiga makofi, taratibu, nao wengine wakafuata. Walipiga makofi. Kana kwamba nilikuwa nimesoma shairi. Wakapiga picha na mtoto yule chini ya taa zilizozima, na mpiga picha akasema mwanga wa kamera utatosha.

Hakuna aliyekwenda nyuma. Walijua, nami niliwaona wakijua. Wakaenda kwenye vinywaji.

Nimetapika kwenye maua ya plastiki. Siku ile wodini nilitapishwa na harufu. Leo hapakuwa na harufu yoyote.

11 Mei

Baba Mdogo hakupiga simu. Mama Mdogo amepiga. "Ulinyimwa nini katika nyumba hii, mpaka ukatung'ata hivi?" Kisha akakata.

14 Mei

Taa zimetupwa stoo, pamoja na vitanda vilivyovunjika. Nimekatazwa geti. Dari halijazibwa. Wafadhili wametoa, nimesikia, wanajenga maegesho.

16 Mei

Kamanda amekuja kwangu akiwa amelowa mpaka magotini. Sikujua hata kwamba anajua ninapokaa. Alikunywa chai yote kabla ya kusema.

"Mkurugenzi amesema ataziruhusu zirudi chumbani. Ukimwomba radhi."

"Radhi ya nini, Sista?"

"Mbele ya ndugu. Useme ulichoka, ulichanganyikiwa, wale watoto walikuwa wagonjwa wanaopata nafuu."

Nikamwambia ni heri nile matapishi yangu.

"Basi kula," alisema. "Mimi nimewafunga bendeji watoto wazima, nikarudi wodini nikawafunga wagonjwa kwa mikono hiyo hiyo. Unadhani sikujiona? Heshima yako ni kitu kizuri, dada. Lakini haifungi kidonda."

Alipoondoka nilitaka kumchukia na sikuweza. Hilo nalo liliniudhi.

19 Mei

Jumapili. Walikuwepo wote: Mama Mdogo, binamu zangu, wajomba wawili. Baba Mdogo alikaa kwenye kiti chake. Amezeeka tangu ile siku, au mimi ndiye niliyekuwa simtazami.

"Ulinivua nguo mbele za watu," alisema. "Utanivika mbele za watu."

Nikapiga magoti. Nikasema. Nilichoka, nilichanganyikiwa, watoto wale walikuwa wagonjwa wanaopata nafuu. Kila neno lilikuwa na uteute. Mjomba mmoja akasema, "Damu nzito kuliko maji," wakaitikia. Baba Mdogo akaninyanyua kwa mikono miwili, macho yake yamelowa. Na hapo ndipo nilipopata kinyaa kikubwa kuliko vyote: alikuwa analia kweli. Ananipenda kweli. Alinipakulia nyama, nikaila yote, nikasema asante Baba.

Huenda nitaendelea kumwita Baba mpaka anazikwa. Lakini mtu niliyekuwa namwita hivyo sinaye tena.

27 Mei

Mvua imekatika. Taa ziko darini, juu ya doa, na nimelizungushia doa lenyewe plastiki na kulitengenezea mfereji mdogo unaomwaga maji kwenye ndoo. Ni aibu, lakini inafanya kazi.

Leo mkono wa kulia wa Shangazi umefunguliwa na haukufungwa tena. Kamanda alisema uachwe upate hewa. Shangazi hakulia, kwa hiyo taa zilikuwa zimetawanyika kila mahali. Alikuwa haziangalii. Alikuwa anauangalia mkono: mwekundu mahali pengine, mweupe mahali pengine, unang'aa, umekunjamana kati ya vidole kama karatasi iliyolowa.

Kamanda akajifanya anapanga vyombo.

"Mama Taa," alisema. "Unaona kinyaa?"

Nimesema uongo mwingi msimu huu, mmoja nikiwa nimepiga magoti. Nikauangalia mkono vizuri.

"Ndiyo," nikasema. "Kidogo."

"Na mimi," alisema.

Kisha akaunyoosha kuelekea kwangu, kwa tahadhari, kiganja juu. "Hapa katikati haiumi. Shika."

Nikashika. Ulikuwa na joto.